Nauli ya Bajaji Kwanza

Mdogo wangu mmoja kutoka Tanga, anayesoma hapa Pune, India, alinipigia simu jioni ya siku ya tatu. Kidonge cha kwanza cha kutoa mimba, mifepristoni, alikuwa amekimeza kliniki mbele ya daktari. Vile vinne vya misoprostoli alivitumia usiku wa siku ya pili, chumbani kwake, na chupa ya maji ya moto tumboni. Kilichotakiwa kutoka kilikuwa kimetoka, na maumivu yalikuwa yamepungua yakabaki kama ya siku zake za kawaida. Hakunipigia kwa ajili ya maumivu.

“Dada, nina rupia elfu tano mpaka mwisho wa mwezi,” aliniambia. “Kila mtu ananiambia ninunue chake. Ninunue kipi?”

Nilipofika nilikuta vitu vitatu kitandani. Kimoja kilikuwa kikaratasi cha mwenye nyumba wake, mama wa Kimaratha ambaye sote tunamwita kaku, yaani shangazi. Kaku hakuambiwa lolote. Alimtazama binti usoni mara moja, akaenda kuandika: Dashamoolarishta, ladu za dink, mafuta ya ufuta. Cha pili kilikuwa tangazo la kituo kimoja cha Ayurveda (tiba ya jadi ya Kihindi), siku saba za “kusafisha na kutia nguvu kizazi” kwa rupia 12,000. Cha tatu kilikuwa simu yake, imejaa picha za vidonge vya mimea vinavyoahidi kurudisha homoni mahali pake. Rupia elfu tano ni kama shilingi 7,500 za Kenya, au 150,000 hivi za Tanzania. Kwa mwanafunzi, hiyo ni chakula, nauli na vocha.

Nimeandika hesabu tuliyoipiga usiku ule kwa sababu najua hayuko peke yake. Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet Global Health ulikadiria kwamba mwaka 2015 mimba milioni 15.6 zilitolewa India, na karibu robo tatu ya hizo zilitolewa kwa vidonge nje ya vituo vya afya. Sheria ya nchi inaruhusu huduma hii tangu 1971, marekebisho ya 2021 yakapanua muda na kulinda siri ya mwanamke, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya India ikasema asiyeolewa ana haki sawa na aliyeolewa. Lakini vidonge vikishamezwa, wanawake wengi hubaki nyumbani bila wa kumuuliza. Hapo duka la dawa ndilo linalogeuka mshauri, na duka lina bidhaa za kuuza.

Rupia 500 za mwanzo nilimwambia azikunje, aziweke nyuma ya kava la simu, asizitoe kwa dawa yoyote, iwe ya Kihindi au ya kizungu. Hiyo ni nauli ya bajaji ya kwenda hospitali usiku wa manane. (Wasomaji wa Dar es Salaam watafurahi kujua kwamba jina la bajaji zao limetoka hapa hapa: kampuni ya Bajaj Auto makao yake yapo Akurdi, pembezoni mwa Pune.) Namba 108 huita gari la wagonjwa bila malipo, na aliyezimia au anayevuja sana apigiwe hiyo. Ila dalili nyingi hazianzi kwa kuzimia. Zinaanza kwa mtu kukaa kitandani akijiuliza kama hali yake inatosha kuhangaikia, na anapokuwa hana nauli, jibu huwa “ngoja kupambazuke”.

Dalili zenyewe nilimwandikia nyuma ya tangazo la kile kituo. Pedi mbili kubwa kulowa kabisa ndani ya saa moja, kwa saa mbili mfululizo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi inayoendelea baada ya saa 24 tangu vidonge vya pili. Uchafu wenye harufu mbaya. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hata baada ya dawa. Maumivu ya upande mmoja wa tumbo, au ya begani, pamoja na kizunguzungu: hapo huenda mimba ilitunga nje ya kizazi, na vidonge hivi haviwezi kuitoa. Na kama damu haikutoka kabisa ndani ya saa 24 baada ya misoprostoli, arudi kliniki. Mengi mengineyo ni ya kawaida. Damu nyepesi huweza kuendelea wiki mbili, wakati mwingine mwezi mzima. Vidonge hufanya kazi yake kwa zaidi ya wanawake 95 kati ya 100, na wanaohitaji kuongezewa damu hawafiki hata mmoja kati ya mia.

Nilianzia hapo kwa sababu neno lililokuwa likiuzwa kwa rupia 12,000 lilikuwa “kusafisha”. Kwetu mtu akisema amesafishwa, anamaanisha amekwenda hospitali, mabaki yakatolewa kwa kifaa. Kituo cha Ayurveda kinamaanisha kitu kingine: dawa za kunywa, mvuke, moshi wa mitishamba, pengine mafuta ya kuingizwa ukeni au hata ndani ya kizazi. Kizazi ambacho vidonge vimekwisha kukifungua na kukibana hujisafisha chenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 hauagizi dawa yoyote ya kukisafisha baada ya hapo. Na kama kweli kuna mabaki, kinachoyatoa ni dozi nyingine ya misoprostoli au kifaa cha kuvuta, hospitalini. Kumsukumia mwanamke mafuta kizazini wakati mlango wake haujafunga vizuri ni kumkaribishia maambukizi. Hapa sina maneno ya kupaka asali: hiyo huduma asiinunue kwa bei yoyote, na akipewa bure akatae. Moshi wa mitishamba sehemu za siri ni vilevile. Hata wanaojifukiza udi kwetu wasubiri mpaka damu ikatike.

Lakini sikutaka aondoke akidhani Ayurveda yote ni tangazo lile. Ndani ya elimu hii kuna jambo la kweli, na ni jambo ambalo hospitali nyingi hazina muda nalo. Vitabu vya kale, Charaka na Sushruta, vinatambua kuharibika kwa mimba kama tukio lenye matunzo yake. Vinatofautisha mimba iliyotoka katika miezi minne ya mwanzo, ikiwa bado kama kimiminika, na ile iliyotoka baadaye ikiwa na umbo. Vinasema aliyepoteza mimba amepungukiwa nguvu, na kwamba vata imepanda. Vata ni ile hali ya upepo, ubaridi na ukavu mwilini. Wazee wa pwani wanaojua tibabu hawatahitaji kufafanuliwa. Lugha yetu yenyewe imehifadhi jina la baridi yabisi, na dawa yao kwa mtu wa hali hiyo ni ileile ya Wahindi: joto, mafuta, chakula laini, na kupumzika. Charaka anaongeza jambo lililonigusa nilipolisoma. Anashauri mwanamke apewe kinywaji kilichochachushwa kwa kadiri anavyokiweza, kwa ajili ya kizazi chake, ndiyo, lakini pia asahau maumivu na afurahike. Yaani zamani hizo kuna aliyekaa akafikiri kwamba mwanamke huyu anahitaji pia faraja.

Tofauti kubwa ni kwamba mapokeo haya yamejengwa zaidi juu ya mzazi. Kerala wana prasava raksha, Sanskrit inasema sutika, wiki sita za mafuta na vyakula maalumu, sawa na arobaini yetu. Aliyetumia vidonge katika wiki ya saba hakuzaa. Hana kidonda, hanyonyeshi, na tumbo halikutanuka. Akiuziwa kifurushi cha mzazi, analipia matunzo ya mwili mwingine. Hili nililisema mara mbili kwa yule binti, kwa kuwa matangazo mengi yanaficha tofauti hiyo.

Basi tukaanza na chakula, kwa sababu hapo ndipo Ayurveda ni rahisi na nzuri kwa pamoja. Ushauri wa vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, yeyote mwenye akili kwa siku za mwanzo ni chakula cha moto, cha majimaji, chenye samli kidogo: khichdi ya mchele na choroko iliyopikwa mpaka ikalainika, bizari nyembamba, tangawizi, manjano. Kilo ya choroko katika soko la Mandai ni kama rupia 120, mchele wa kawaida 50 au 60. Kwa rupia 300 mtu mmoja anakula wiki nzima na kubakiza. Hakuna dawa ya chupa inayokaribia thamani hiyo.

Ladu za kaku ni suala la kuzingatia zaidi. Dink ni gundi ya mti, huumuliwa ndani ya samli, ikachanganywa na nazi kavu, tende kavu, lozi na sukari guru. Ladu moja ina nguvu ya kumfikisha mtu mchana. Dukani kilo huuzwa rupia 700 mpaka 1,000. Ukitengeneza mwenyewe gharama hushuka karibu nusu, na kaku alikuwa tayari anatengeneza, bila kuomba hata senti. Binti alikuwa na aibu ya kupokea. Nikamwambia apokee na aseme asante.

Ila lipo kosa moja katika sifa za ladu hizi. Husemwa zinaongeza damu kwa sababu ya sukari guru, na ufuta ukitiwa. Sukari guru ina madini ya chuma kidogo sana kwa kipimo mtu anachokula, na chuma cha ufuta hakifyonzwi vizuri tumboni. Katika nchi ambayo uchunguzi wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019 hadi 2021 ulikuta wanawake 57 kati ya 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, hili si jambo dogo. Kwa asiyekula nyama, dengu pamoja na ndimu husaidia. Yule wetu anakula nyama. Robo kilo ya maini ya kuku, kwa rupia 50 tu, itamfanyia zaidi ya kilo ya ladu. Na chai, ambayo Pune hunywewa kila baada ya saa mbili, inywewe mbali na mlo, kwani huzuia chuma kisiingie mwilini.

Hapo tukafika kwenye chupa. Dashamoolarishta ni dawa ya mizizi kumi, iliyochachushwa kwa sukari guru na viungo, na ndiyo bibi wa Kihindi anayoikumbuka kwanza mwanamke akitoka kujifungua. Watengenezaji wakubwa wanayo: Dabur iliyoanza Kolkata mwaka 1884, Baidyanath, Arya Vaidya Sala ya Kottakkal iliyofunguliwa 1902. Chupa ya mililita 450 ni kati ya rupia 150 na 220. Bei hiyo inaonekana ndogo mpaka usome kipimo: mililita 15 hadi 30, mara mbili kwa siku, pamoja na maji sawasawa. Kwa kipimo cha juu chupa huisha siku ya nane. Kwa cha chini, siku ya kumi na tano. Mwezi mmoja ni chupa mbili hadi nne, yaani rupia 300 mpaka karibu 900. Kwa fedha hiyo unapata nini? Joto tumboni, hamu ya kula, na ile hali ya kujihisi unatunzwa. Sidharau hata kimoja. Lakini kuna mambo matatu ambayo karatasi ya kaku haikuyataja.

Arishta na asava zote zina pombe, kati ya asilimia 5 na 10, inayozalishwa na uchachushaji wenyewe. Binti wa Tanga, Mwislamu, alishtuka kusikia. Hakuna aliyemwambia, ingawa kwenye lebo imeandikwa kwa herufi ndogo. Pili, zina sukari nyingi, na mwenye kisukari azihesabu hivyo. Tatu, na hili ni la usalama: daktari akimwandikia mtu metronidazoli kwa ajili ya maambukizi, dawa ambayo kwetu inajulikana zaidi kwa jina la Flagyl, huonywa asinywe pombe nayo. Wengi hawajui kwamba “dawa ya mizizi” ya asubuhi na jioni ni pombe. Anayetaka ile mizizi bila pombe aombe kwatham, yaani mchemsho wa Dashamoola, au unga wa kuchemsha mwenyewe, wa rupia 100 hivi. Ni mchungu, lakini si haramu kwa yeyote.

Chupa ya pili ambayo maduka huisukuma ni Ashokarishta, kwa bei ileile, kwa madai kwamba hupunguza damu. Hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Anayetokwa na damu nyingi kiasi cha kufikiria dawa ya kuizuia anatakiwa aonwe na daktari usiku huohuo, na kijiko cha Ashokarishta humpa sababu ya kungoja. Kisha kuna suala la mti wenyewe. Gome halali ni la Saraca asoca, mti ambao umekuwa haba kwa kukatwa sana. Kinachochanganywa au kuwekwa mahali pake mara kwa mara ni gome la Polyalthia longifolia. Ukipita mitaa ya Dar es Salaam au Mombasa umewahi kuuona: ule mti mrefu uliochongoka, majani yameinama, umepandwa mstari kandokando ya uzio, na wengi wanauita mwashoki. Jina linafanana, mti ni mwingine kabisa.

Upande wa chuma wapo wanaouza Lohasava, kinywaji chenye chuma, kwa rupia 150 hivi. Lebo nilizozisoma zinataja chuma kilichotiwa katika utengenezaji, hazisemi kijiko kimoja kinampa mtu miligramu ngapi. Upande wa pili, kidonge cha chuma na asidi ya foliki chenye miligramu 60 hutolewa bure katika vituo vya serikali chini ya mpango wa Anemia Mukt Bharat ulioanza 2018, na katika duka la dawa aina za kawaida hazizidi rupia chache kwa kidonge. Kinafunga choo na kuleta kichefuchefu kwa wengine, hiyo ni kweli, na hapo Ayurveda inasaidia vizuri: zabibu kavu zilizolowekwa usiku kucha, kijiko cha samli kwenye maji ya moto. Binti alichukua chuma cha serikali na zabibu kavu. Huo ndio mchanganyiko ninaoupenda.

Shatavari, inayouzwa na kampuni ya Himalaya kwa vidonge 60 kwa rupia 200 na kitu, tuliiacha. Umaarufu wake ni kwa maziwa ya anayenyonyesha na kwa mizunguko ya hedhi. Hedhi baada ya vidonge hurudi yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki nne hadi sita. Ashwagandha tuliiacha pia. Imehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji, na mwili uliotoka tu kwenye dawa nzito hauhitaji mtihani mwingine.

Kuna kundi ambalo sikutaka hata alishike mkononi: dawa zenye bhasma au rasa kwenye jina, yaani zile za madini yaliyochomwa, zebaki ikiwemo. Mwaka 2008 jarida la tiba la JAMA lilichapisha uchunguzi wa dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwa intaneti. Moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki inayopimika. Miaka michache baadaye, wanawake wajawazito sita wa New York walikutwa na sumu ya risasi mwilini baada ya kutumia dawa za aina hii kutoka India. Risasi hukaa kwenye mifupa miaka mingi, ikasubiri mimba nyingine. Kwa mwanamke kijana ambaye huenda siku moja atataka mtoto, hakuna bei nafuu ya dawa kama hiyo. Chupa anayoinunua iwe na namba ya leseni ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho, na orodha kamili ya vilivyomo. Unga wa kufungwa kwenye gazeti, hata kama umetoka kwa mtu mwenye ndevu za heshima, aupishe.

Mafuta ni habari njema. Chupa ya Dhanwantharam, mafuta ya Kerala yenye msingi wa ufuta, ni rupia 200 na kitu kwa mililita 200. Mafuta ya ufuta matupu ni nafuu zaidi, na kwa kazi iliyokuwa mbele yetu yanatosha. Spa ya mjini hutoza rupia 1,500 hadi 3,000 kwa saa moja ya kukandwa. Vituo vyenye vitanda huuza siku kumi na nne kwa rupia 40,000 na kwenda juu, fedha ambayo ingemlipia binti kodi ya miezi. Wenye elimu ya Ayurveda wenyewe hawapendi kumkanda mwanamke mwili mzima akiwa katika damu, na nakubaliana nao. Tumbo liachwe kabisa. Na hapa niwakumbushe mama zetu: ule mkando wa maji ya moto sana, unaofanywa baada ya uzazi ili “damu mbaya itoke”, usifanywe kwa aliyetoka kwenye vidonge. Wapo walioungua. Maji ya vuguvugu ya kuogea yatosha, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa.

Miguu, mgongo na kichwa, hiyo ruksa tangu siku ya kwanza. Kaku ndiye aliyemkanda, jioni ya siku ya tano, akiwa ameketi sakafuni na mafuta yaliyopashwa kwenye kijiko juu ya jiko la gesi. Alipofika kwenye nyayo alisema kwa Kimarathi maneno machache ambayo mimi niliyaelewa nusu, kwamba yeye naye aliwahi kulala hivi, mara mbili. Binti alilia, na kaku hakumnyamazisha. Hakuna kituo kitakachokuuzia saa hiyo. Kama hali ya moyo ingezidi, kama angekosa usingizi au kushindwa kula kwa wiki mbili, namba 14416 ya Tele-MANAS, huduma ya serikali iliyoanza Oktoba 2022, ni ya bure. Wengine hawahisi chochote ila nafuu, na hilo nalo halihitaji kuombewa radhi.

Je, alipe vaidya wa kumwona? Nilimwambia ndiyo, akitaka dawa ya kunywa zaidi ya chakula, kwa sababu rupia 200 hadi 500 za ushauri ni nafuu kuliko chupa mbili asizozihitaji. Hospitali za Ayurveda za mafunzo, kama ile ya Tilak hapa Rasta Peth, hutoza chini ya hapo. Aulize kama daktari ana shahada ya BAMS, ambayo ni masomo ya miaka mitano na nusu, na kama amebobea katika uzazi na magonjwa ya wanawake. Amwambie ukweli wote, vidonge alivyotumia na tarehe. Vaidya mzuri atauliza kwanza kuhusu damu na homa, na akisikia dalili mbaya atamrudisha hospitali. Anayeanza kwa kumpima “sumu zilizobaki” ana kifurushi mfukoni. Na ajue kwamba sheria ya India haimruhusu daktari wa Ayurveda kutoa wala kurudia vidonge vya kutoa mimba. Hayo ni ya daktari wa tiba ya kisasa aliyesajiliwa kwa kazi hiyo.

Kwa wasomaji wa nyumbani: chupa nilizozitaja hufika maduka ya Kihindi ya Kisutu kwa Tanzania na Ngara kwa Kenya, mara nyingi kwa bei mara mbili au tatu ya hapa, kwa hiyo hesabu yote niliyoifanya huzidi kuegemea upande wa choroko. Sheria zetu za kutoa mimba ni kali kuliko za India, lakini huduma baada ya mimba kuharibika hutolewa hospitalini, Tanzania na Kenya, na mwanamke mwenye damu nyingi au homa anastahili kuipata kwa namna yoyote mimba ilivyotoka. Asijifiche na chupa.

Kitu kimoja hakikuwemo kwenye vile vitu vitatu vya kitandani, nacho ndicho chenye haraka kuliko tonic zote. Yai linaweza kupevuka tena siku ya nane tu baada ya vidonge. Wengi hudhani mwili umefunga duka mpaka hedhi irudi. Kituo cha serikali hutoa bure vidonge vya uzazi wa mpango, sindano ya Antara, kitanzi, na Chhaya, kidonge kisicho na homoni kilichobuniwa Lucknow na kinachomezwa mara moja kwa wiki baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Hakuna mzizi wa Ayurveda unaofanya kazi hiyo kwa uhakika. Binti alichagua sindano. Gharama yake ilikuwa foleni ya saa mbili.

Mwisho wa wiki ya nne tulipiga hesabu. Choroko, mchele, maini, zabibu, ndimu na samli robo: rupia 1,150. Mafuta ya ufuta: 90. Ibuprofeni paketi moja: 20. Pedi: 240. Unga wa Dashamoola, ambao aliuchemsha mara nne akauacha kwa uchungu wake: 100. Kipimo cha mimba: 50, kikatoka mstari mmoja. Jumla 1,650. Ladu zilikuwa za kaku.

Ile noti ya 500 ilikuwa bado nyuma ya kava, imechukua umbo la simu. Aliitoa, akainyoosha kwenye goti, akaniuliza kama sasa anaweza kuitumia. Jumapili tulikwenda nayo soko la samaki, tukanunua bangada, na nazi mbili, na kaku akaja kula kwetu.